Ngazi Mia za Jabalini na Msumari wa Tatu

Inahadithiwa, na mwenye yakini ni Mola peke yake, kwamba katika mji wa Jabalini, uliojengwa juu ya mlima wa mawe mekundu, alitawala sultani aitwaye Mahadhi bin Jabiri, kijana mwenye sura jamili na sauti laini, aliyependa tausi na mashairi na kusifiwa, na aliyeamini kila alichoambiwa maadamu alikuwa amekwisha kunywa kahawa. Na aliyekuwa akimwambia kila kitu ni waziri wake, Kathiri, mtu mwembamba, mpole wa maneno, asiyepandisha sauti hata siku moja. Na watu wa Jabalini walisema ni heri kupigwa kelele na simba kuliko kunong'onezwa na Kathiri.

Sasa, kodi ya nyumba katika mji huo ililipwa kwa boriti: kila mwaka mtozaji aliingia, akainua uso, akahesabu boriti za dari, na mwenye nyumba akalipa kwa hesabu hiyo. Asiyekuwa nacho alipigiliwa msumari wa shaba mlangoni, mmoja kwa kila mwaka, ili apitaye njiani ajue. Na msumari wa tatu ukishapigwa, maseremala waling'oa mlango wenyewe wakaupakia garini, kwa kuwa sheria ya kale ilisema nyumba isiyo na mlango haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe ni mali ya Sultani.

Lakini marehemu Sultani Jabiri, katika uzee wake, alikula yamini kwamba watu wa aina tatu hawatatozwa kodi hiyo milele: aliyetimiza miaka sabini, aliyeipigania dola vitani, na aliye kipofu au kiwete. Sharti lake lilikuwa moja, nalo alilitia kwa mapenzi: kila mwaka, katika siku moja maalumu, tangu alfajiri hadi jua kuchwa, mwenye nyumba alete ombi lake mwenyewe mpaka juu kasrini, maana mzee yule alipenda kuwapa mkono wazee wenziwe na kuwauliza hali za wajukuu. Akafa, Mungu amrehemu, na hakukumbuka kwamba kasri iko juu ya ngazi mia.

Na katika mtaa wa Wafuma Mikeka aliishi askari mstaafu aitwaye Farhani bin Sudi, mwenye umri wa miaka sabini na miwili, aliyeacha mguu wake wa kushoto katika vita vya Bonde la Kibriti na kurudi na mguu wa mti wenye kofia ya chuma. Kwa umri alistahiki msamaha, kwa vita alistahiki, kwa mguu alistahiki, na kama haki ingefuatwa mpaka mwisho wake, Sultani ndiye angemlipa yeye. Hata hivyo mlango wake ulikuwa na misumari miwili. Akiba ya kulipia kodi ilipomwishia, miaka miwili alipanda ngazi zile, na miaka miwili jua lilimchwelea njiani.

Asubuhi ya siku ya maombi ya mwaka wa tatu, mkewe, Bi Mwanashee binti Omari, alimfunga mikanda ya mguu wa mti kwa vidole vyake, kwani macho yake yalikwisha kuchukuliwa na ndui miaka kumi iliyopita.

"Na mwaka huu magoti yako yanasemaje?" akauliza.

"Goti ni moja, Shee, na halisemi, linalalamika tu."

"Liambie lilalamike likiwa linapanda."

Farhani akacheka, kisha akauona mkono wa kulia wa mkewe ukipanda ukutani bila yeye kujua na kupapasa ufa mdogo uliokuwa pale, kama mtu anavyomshika mtoto kichwa akipita. Nyumba ile Bi Mwanashee aliisoma kwa mkono huo kwa miaka mitatu, huku akijigonga na kulia na kuanza upya. Hatua kumi na tisa toka kitandani hadi kisimani. Ufa, kisha tundu la taa, kisha kona yenye ubaridi ambapo mtungi hukaa. Ndani ya kuta zile alipika, alifagia, alichambua mchele, na mgeni aliyeingia aliweza kukaa saa nzima asijue kwamba mwenyeji wake haoni. Nje ya kuta hizo hakuweza kuvuka hata uchochoro.

"Farhani," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena, "wakinitoa humu, nitapofuka mara ya pili. Mara ya kwanza nilikuwa na umri wa kujifunza."

"Nitafika, mke wangu."

"Mwaka jana pia ulisema hivyo."

Akatoka na ombi lake kifuani, na hakugeuka nyuma, kwa kuwa hakutaka kuiona ile misumari.

Chini ya ngazi aliwakuta wazee thelathini na zaidi, wa magongo, wa kushikwa mkono, na mmoja aliyejivuta kwa makalio juu ya kipande cha ngozi. Miongoni mwao alikuwapo jirani yake, Bi Arafa, ajuza wa miaka themanini na mitatu, mjane, aliyekuwa na meno mawili na ulimi wa watu kumi.

"Kumbe bado uko hai?" akamwambia Farhani.

"Nasubiri ruhusa yako, Bi Arafa."

"Subiri kwanza tupate msamaha. Ukifa leo utadaiwa kodi ya kaburi, na wewe ni mrefu."

Wakaanza kupanda. Farhani akahesabu moja moja, kama alivyofundishwa jeshini kuhesabu mizinga. Alipofika mia akainua macho, na lango la kasri lilikuwa mbali vilevile. Akafika mia mbili, akafika mia nne, jasho likamwingia machoni, na lango halikusogea. Na makarani vijana wenye mabunda ya karatasi walimpita wakiruka ngazi mbili mbili, wakafika juu, wakashuka, wakapanda tena. "Shikamoo, babu! Jikaze, ni mia tu!" walimwambia, nao hawakusema uongo, kwani kwao zilikuwa mia.

Na hilo ndilo lilikuwa jambo baya kuliko yote, kwamba hapana mzee aliyelalamika. Kila mwaka jua lilipokuchwa walijikuta wako chini, na kila mmoja alirudi kwake akiyalaumu magoti yake. Na huko juu Waziri Kathiri alimwambia bwana wake, "Mwaka huu pia, ewe mtukufu, hapana aliyekuja kuomba. Wazee wako wana neema tele," na Sultani Mahadhi alifurahi, akaagiza tausi wengine.

Ilipofika adhuhuri Farhani alikuwa amehesabu ngazi mia saba na arobaini, na kisigino cha mguu aliokuwa nao kilikuwa kinatoka damu. Ikambidi akae. Na kwa kuwa alikuwa askari wa zamani, hakuketi hivihivi. Watu wa vita vya Kibriti walikuwa na ada yao: hapana aliyelala wala kukaa katika ardhi ngeni kabla ya kuigonga mara tatu na kuwasalimu wenyeji wasioonekana. Wenziwe waliokuwa na ada hiyo walikwisha kufa wote, na watu wa mjini hawakuijua. Farhani akagonga jiwe kwa mguu wake wa mti, mara tatu, akasema:

"Salamu, wenyeji wa hapa. Tunapumzika, hatuhamii. Chakula chenu hatukitaki."

Jiwe likawa na joto chini yake, na sauti nzito, iliyopasuka kama ya mtu aliyekaa miaka bila kusema, ikatoka ndani yake ikajibu:

"Na kwako salamu. Kikosi gani wewe?"

Farhani akakaribia kuanguka. Bi Arafa, aliyekuwa ngazi mbili chini yake, akasema, "Farhani, tumbo lako linaongea."

"Kikosi cha tatu," Farhani akajibu. "Cha Amiri Tawakali."

"Basi wewe ulikunywa maji yangu," ikasema ile sauti, na katika jiwe ukatokea uso wa mzee mwenye ndevu za moshi na macho yaliyochoka. "Mimi ni Zamhari, jini wa babu yake Sultani huyu na wa baba yake. Siku tisa za Kibriti, visima vilipotiwa sumu, nani aliyewachotea maji toka mlima wa pili?"

"Yale maji yenye ladha ya moshi!"

"Hapana jini anayechota maji yasinuke moshi. Mlilalamika wakati ule pia."

Farhani akalia, kwa sababu alikunywa maji yale akiwa na mguu uliooza, na bila hayo asingeuona uso wa mkewe tena. Akamuuliza jini, "Umefikaje humu, ndugu yangu?"

"Nilizeeka," akasema Zamhari. "Nikaja kwa Waziri kuomba niachiliwe, kwa kuwa nami nilipigana. Akaniambia kwa upole, 'Keti hapo ngazini, usubiri, utaitwa.' Nikaketi. Akanipigilia msumari wa shaba kisiginoni, akausomea, nikawa ngazi. Yamini ya Sultani Jabiri hakuweza kuifuta, basi akaifanyia njia ndefu. Kila apandaye na ombi la msamaha, ni lazima nirefuke chini yake, nitake nisitake. Miaka sita nawasikia mkipumua, nami siwezi hata kuwaomba radhi, maana hapana aliyenisalimu. Jini aliyefungwa hasemi asiposalimiwa."

Farhani akatazama, na pale alipogonga palikuwa na kichwa cha msumari, kipana kama sarafu, ambacho hakukiona kabla. Akajaribu kukishika, vidole vikateleza. Akajaribu kwa kisu, kisu kikavunjika. Ndipo akafungua mikanda aliyofungwa na mkewe asubuhi, akautoa mguu wake wa mti, akaipachika kofia ya chuma chini ya kichwa cha msumari, akaulalia kwa uzito wake wote.

"Utavunjika huo," akasema Bi Arafa.

"Najua."

"Mia moja zitabaki, na wewe utabaki na mguu mmoja."

"Najua, Bi Arafa. Njoo unisaidie kukaza."

Ajuza akaja, na yule wa ngozi akaja, na wengine wakaja, na wakaulalia mti ule pamoja, mpaka ukalia, ukapasuka katikati toka juu hadi chini, na msumari ukaruka ukaenda zake mlimani. Mlima wote ukashusha pumzi. Na wazee walipoinua vichwa waliziona ngazi mia, si moja zaidi, na wao wako kwenye ya kwanza.

Zamhari akasimama juu yao kama wingu lenye mabega. "Ada ya majini unaijua," akamwambia Farhani. "Aliyenifungua namtimizia jambo moja, moja tu, kisha niko huru. Sema. Mguu wa nyama? Dhahabu?"

"Mwambie atupandishe wote!" akapiga kelele Bi Arafa. "Kisha pilau!"

Farhani akafungua kinywa aseme hivyo hasa. Lakini jini, kwa urefu wake, alikuwa akiutazama mji, na uso wake ukabadilika.

"Nyumba yako ina mlango wenye misumari miwili?"

"Ndiyo."

"Umelala juu ya gari la punda."

Kwa maana Waziri Kathiri hakungoja jua lichwe. Kwa nini angoje, na miaka yote hapana aliyefika? Adhuhuri hiyo alishuka mwenyewe mtaa wa Wafuma Mikeka, pamoja na maseremala wawili na mtozaji aitwaye Maulidi. Wakapiga msumari wa tatu, wakang'oa mlango. Na mlango ulipoondoka, Bi Mwanashee alitoka ndani, hatua kumi na nne toka jikoni, akasimama pale ulipokuwa, mkono mmoja katika mwimo huu na wa pili katika mwimo ule.

"Ondoka, mama," Maulidi akamwambia. "Nyumba haina mlango."

"Inao. Mlango ni mimi. Mume wangu yuko njiani, na jua liko juu, nalisikia usoni. Rudi jioni."

"Mama yangu, usiniponze."

"Sikuponzi, mwanangu. Mlango haumponzi mtu. Unafungwa tu."

Majirani wakakusanyika, na baadhi yao wakacheka, na kucheka huko Waziri hakukupenda. Akamkaribia Bi Mwanashee, akanong'ona kwa upole wake, "Kama wewe ni mlango, bibi, basi mlango wenye deni hupigwa msumari." Akamwambia Maulidi apige. Maulidi akaitupa nyundo chini, akaondoka akilia, na wala hakurudi kazini milele. Waziri akaiokota.

Haya Zamhari aliyaona, akamweleza Farhani kwa maneno machache, akasema, "Naweza kukubeba hadi kwako kwa kufumba na kufumbua. Lakini ombi litabaki bila kufika, na mwaka mwingine atapatikana jini mwingine."

Farhani akazitazama ngazi mia, akawatazama wazee waliokuwa wakimtazama, akakitazama kigutu chake. "Nenda kwa Shee," akasema. "Mimi usinibebe. Nenda sasa hivi!"

Jini akaenda. Na upesi wa jini ni mkubwa, lakini upesi wa nyundo pia si mdogo. Alipofika, msumari mmoja ulikwisha kupita katika kiganja cha kulia cha Bi Mwanashee ukaingia mwimoni, naye hakupiga ukelele, ila aliliita jina la mumewe mara moja. Zamhari akaung'oa kwa vidole vya moshi, akamlaza Bi Mwanashee mkekani kwake, kisha akajigeuza mlango mkubwa wa mninga wenye nakshi, akakaa pale pasipo na kitu.

Waziri akaona mlango mzuri mbele yake, uko wazi nusu. Hakuwa mtu wa kuuacha mlango mzuri. Akaingia. Na ule ujia wa ndani, uliokuwa hatua kumi na nne, ukarefuka mbele yake hatua moja. Naye akaongeza mwendo, na ujia nao ukaongeza. Majirani wakamsikia akiita, kwanza kwa amri, kisha kwa upole, kisha kwa kilio, na sauti ikizidi kwenda mbali ndani ya nyumba ndogo ya vyumba viwili. Kisha Zamhari akaukunja ujia huo kama mkeka, na Waziri ndani yake, akautia kwapani, akaenda zake huru. Nyuma yake nyumba ikabaki na ujia wake wa kale na uwazi mlangoni, na majirani wakasimama pale kwa zamu mpaka jioni, ili isisemwe kwamba haina mlango.

Na huko kasrini wazee walipanda. Aliyeona alimwongoza asiyeona, na asiyeona mwenye miguu alimbeba aonaye asiye na miguu, na Farhani alipanda kwa mikono, kifua juu ya jiwe, ngazi baada ya ngazi, akiacha alama nyuma yake. Bi Arafa alikuwa akimtania nyuma yake mpaka ngazi ya tisini na nane. Pale akakaa.

"Tangulia, Farhani. Mimi nimeshafika, ninapumua tu kidogo."

Farhani alipogeuka kumtazama, ajuza alikuwa hapumui. Wakambeba.

Jua lilikuwa limeushika ukingo wa mlima walipoingia barazani. Sultani Mahadhi akainuka kitini, tausi wakakimbia. "Enyi wazee! Ni nani nyinyi, na mna haja gani?"

Farhani, akiwa sakafuni, akasema: "Ewe Sultani, mwana wa Jabiri, Mungu akuzidishie umri ili nawe uyajue haya. Sisi ni wale usiowaona miaka sita. Tumeleta maombi yetu, kama marehemu baba yako alivyotuahidi. Naye baba yako alikuwa akitupa mkono. Tafadhali, anza na huyu." Akaitoa karatasi katika vidole vya Bi Arafa, akaisogeza mbele.

Sultani akaushika mkono wa ajuza, akauona wa baridi, na hapo kijana yule, aliyeambiwa kila kitu, akaelewa jambo moja bila kuambiwa. Akaketi chini sakafuni pamoja nao, akasikiliza mpaka mwisho. Msamaha wa kwanza ukaandikwa kwa jina la Bi Arafa, na nyumba yake ikabaki na binti zake wawili. Kisha akaamuru misumari ing'olewe mji mzima, na milango yote irudishwe, na mzee au kiwete au kipofu asipande tena ngazi hata moja: kadhi na karani ndio watakaoshuka, nyumba kwa nyumba, na waketi ukumbini, na waombe maji kwa adabu.

Alimpa Farhani dhahabu na mguu mpya wa mpingo. Na hekaya nyingine hapa hufunga ndoa. Hawa walikuwa wamekwisha kuoana miaka arobaini na nne iliyopita, basi Farhani alipelekwa nyumbani kwa machela, na hiyo ndiyo ikawa harusi. Akamkuta mkewe mlangoni, kiganja kimefungwa kitambaa.

Jeraha lilipona, lakini mkono ule haukurudi. Vidole vitatu havikuhisi tena moto wala ubaridi wala ufa, na huo ndio uliokuwa mkono aliouonea nyumba. Mlango wao ulipoletwa, mafundi walitaka kuziba matundu matatu ya misumari kwa nta, na Bi Mwanashee akakataa.

"Acheni," akasema. Akaweka mkono wake wa kushoto, ule usiojua kitu, juu ya tundu la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. "Naanzia hapa. Farhani, toka hapa mpaka kwenye ufa ni hatua ngapi?"

"Nne, Shee."

"Zako au zangu?"

"Zetu," akasema, akamshika kiwiko, kwa kuwa yeye naye hakuweza kusimama peke yake, wakaingia wakihesabu.

Na wenye kutawala wakiisikia hekaya hii, na wajue kwamba hisani iliyowekwa mahali asipofika anayeihitaji ni dhuluma iliyovaa kanzu safi. Na wewe uliyesikiliza, ukipita kwa mzee ukaona mlango wake haujafunguliwa leo, gonga. Hapa ndipo tulipoishia, na Mungu awaweke katika nyumba zenu.